Chungu cha Ione Mezani kwa Verna

Kama kuna mtu hapa Elvdal anayejua vyombo vya umeme kunishinda mimi, basi bado hajazaliwa. Nasema bila aibu. Niliacha shule darasa la kumi nikaenda kukamua ng'ombe wa baba, na yote niliyoyajua baada ya hapo nimefundishwa na umeme wenyewe, kwa kunipiga. Kanisa zima, kuanzia taa za madhabahuni hadi jiko la chumba cha chini, linawaka kwa sababu ya mikono hii.

Yuko mtu mmoja tu asiyenisadiki. Nikimwambia jua limechomoza, hutoka nje kwanza akatazama. Ni shemeji yangu, Verna Stordahl, dada mkubwa wa mke wangu, na ndiye ninayetaka kuwasimulieni, wapwa zangu, maana yeye mwenyewe hasemi.

Verna ana miaka sabini na mmoja. Mrefu, mwembamba, mikono mikubwa ya mtu aliyepikia watoto wa shule miaka thelathini na mmoja. Hakai. Simaanishi kwamba hakai bure. Simaanishi ni mchapakazi, ingawa ni mchapakazi. Namaanisha makalio yake na kiti havijuani. Anakula amesimama kando ya beseni la vyombo. Kanisani anachagua benchi la nyuma ili wimbo wa mwisho umkute tayari mlangoni. Nimemwambia mara nyingi, "Shemeji, wewe siku yako ikifika tutakuzika wima, kama nguzo ya uzio."

"Na wewe," hunijibu, "tutakuzika umefunua mdomo, maana hatutaweza kuufunga."

Basi mtu huyu asiyetulia ndiye aliyejichagulia kazi ya kungoja. Kila Jumanne na Alhamisi yuko katika duka la mitumba la kanisa, chumba cha nyuma, anapima vyungu vya umeme. Mnavijua: udongo ndani, bati nje, kitufe mbele, kifuniko cha kioo. Unaweka nyama asubuhi, unakwenda zako shambani, unarudi jioni imelainika. Huku kwetu hakuna msiba, harusi wala mkutano usio na vyungu hivyo vimejipanga mezani, kila kimoja na kipande cha utepe wa karatasi chini yake chenye jina la mwenyewe. Mtu akifa, watoto wanagombea shamba, na vyungu vinaletwa kwetu.

Utaratibu wa Verna ni huu. Kwanza waya: anaupitisha kati ya vidole, inchi kwa inchi, kama mtu anayetafuta mfupa wa samaki. Halafu plagi, kama ina weusi wa kuungua. Halafu anautoa udongo, anaugonga kwa kifundo cha kidole na kuusikiliza. Ukilia vizuri, mzima. Ukilia kama mtu mwenye mafua, kuna ufa, hata kama hauonekani. Rangi ya ndani ikichubuka, hakuna mjadala, kimeshindwa. Kikivuka hayo yote, anatia maji hadi nusu, anafunika, anaweka moto mdogo, na kinakaa masaa manane bila mtu kukifunua. Kisha kipimajoto. Kwa digrii zetu za huku, ambapo maji huchemka kwa mia mbili na kumi na mbili, kikifika mia na themanini na tano, kinauzwa. Kisipofika, anachukua mkasi wa kukatia mabati na kuukata waya hapo hapo, ili hata anayeokota kwenye pipa la taka asiweze kukitumia. Nyuma ya mlango kuna msumari, na kwenye msumari kuna nyaya zilizokatwa, zinaning'inia kama mikia. Siku nilipozihesabu zilikuwa arobaini na tatu.

Mimi nilikuwa namcheka. "Shemeji, mimi chungu nakijua kwa kiganja tu. Nakiwekea mkono ubavuni dakika tano, nakwambia kama ni kizima."

"Mkono huo huo," alisema, "uliosema ile friji ya mchungaji ni nzima?"

Friji ya mchungaji ni habari nyingine.

Lakini hakuzaliwa na kipimajoto mkononi. Alikipata miaka tisa iliyopita, baada ya chakula cha jioni cha kanisa, kile cha vuli. Nitawaeleza, maana bila hicho hamtaelewa kitu.

Asubuhi ya siku ile vyungu kumi na viwili vilichomekwa kwenye ukuta mmoja, na saa mbili fyuzi ikakatika. Nikaitwa. Fundi wa kusomea angebomoa ukuta na kuandika bili ya kurasa tatu. Mimi nilibadilisha fyuzi, nikachukua kalamu nene, nikabandika karatasi ukutani: FYUZI IMECHOKA. TAFADHALI TUMIENI UMEME KWA HURUMA. Na fyuzi haikukatika tena mpaka watu walipomaliza kula. Karatasi moja! Nimejisifu kwa karatasi ile miaka tisa.

Verna siku ile alileta kuku wa tambi. Chungu chake kilikuwa kimevunjika kifuniko, akaazima cha rafiki yake Ione Bakken, ambaye alikuwa na viwili. Chungu cha kahawia, kimechorwa uyoga ubavuni. Kuku akaingia mbichi asubuhi, kama kawaida.

Usiku ule na kesho yake watu kumi na wanne waliugua matumbo. Hakufa mtu. Mchungaji alihubiri ameikumbatia mimbari kwa mikono miwili, akaruka sehemu ya pili ya mahubiri, na wapo waliosema ndiyo siku aliyohubiri vizuri kuliko zote.

Sasa sikilizeni. Huku kwetu hakuna atakayekuambia chakula chako kimemwumiza. Atakufa amekaa kimya na mke wake ataleta keki kukushukuru. Hakuna aliyemwambia Verna neno. Ila chakula kilichofuata, Verna alipoleta kuku wake wa tambi, watu walichota kwa ncha ya kijiko, wakakitandaza kwenye sahani kionekane kingi, wakasema, "Si mbaya, Verna, si mbaya kabisa." Chungu kikarudi nyumbani kimejaa. Kuku ndiye anayeshukiwa siku zote. Nani ayashuku maharage?

Mara ya tatu Verna hakuleta kuku. Alileta kachumbari ya kabichi. Miaka tisa amekuwa mtu wa kabichi.

Na chungu alikirudisha kwa Ione kimeoshwa kinang'aa, na ndani yake chupa ya jemu, maana chombo cha watu hakirudishwi kitupu. Alitaka kumwambia, "Ione, chungu chako hakichemki." Hakusema. Unaazimaje chombo cha mtu kisha unakitukana? Badala yake akanunua kipimajoto. Na kila Ione alipoalika wageni, kesho yake asubuhi Verna alipita kwake kuazima sukari, huku akichungulia kama wote wameamka. Mke wangu alidhani dada yake ana sukari nyingi mwilini. Kumbe alikuwa anahesabu wazima.

Ione alifariki Januari, moyo, akiwa kwenye cherehani. Delmar, mume wake, ni mtu mwema, lakini katika huzuni mwanamume hufanya mambo kwa reki, anakokota vyote pamoja bila kuchagua. Februari alipakia vitu vyote vya marehemu kwenye gari, akavishusha dukani kwetu, akaondoka bila kuangalia nyuma. Maboksi yalikaa mpaka Mei.

Jumanne moja ya Mei, nimepanda ngazi kubadilisha taa ya chumba cha nyuma, namwona Verna chini na boksi wazi. Mezani kuna chungu cha kahawia, kimechorwa uyoga. Chini yake, utepe: IONE B. Na Verna ameshika mkasi. Na anatabasamu. Shemeji yangu kutabasamu si jambo la kila wiki, nikashuka kwenye ngazi.

"Hukitii maji?" nikamwuliza.

"Hiki sihitaji kukitia maji. Nakifahamu. Nimekingoja miaka tisa."

Akauvuta waya. Mkasi ukafunguka. Na hapo hapo kengele ya mlango wa duka ikalia, akaingia Delmar, kofia mkononi, anatazama sakafu.

"Habari zenu," alisema. "Siwasumbui?"

"Hutusumbui," alisema Verna, mkasi ukiwa nyuma ya mgongo.

Akazungumza habari za mvua. Akazungumza mahindi yaliyochelewa kupandwa. Nikamwuliza kama atakunywa kahawa, akakataa mara mbili, ya tatu akakubali, na kikombe kilipofika nusu ndipo akasema alichokuja nacho.

"Nilileta vitu hapa. Vya Ione. Sikutazama vizuri. Annika, mjukuu wangu, Jumamosi ana sherehe ya mahafali, kwenye banda langu la magari. Bibi yake alimwahidi ile nyama ya kusaga, ya kutia kwenye mikate midogo ya duara. Mtoto ananiuliza, 'Babu, utapika kwenye chungu cha uyoga?' Nikamwambia ndiyo. Kisha nikakumbuka nilipokipeleka." Akakiona mezani. "Nitakinunua. Sitaki bure."

Nilimtazama Verna. Angeweza kusema kimeuzwa. Angeweza kusema kimevunjika. Kitu kikivunjika dakika tano baadaye, nani atauliza? Macho yake yalikwenda kwenye chungu, yakarudi kwa Delmar.

"Watu wangapi?" aliuliza.

"Mia na ishirini. Labda mia na hamsini. Annika ana marafiki."

"Sijakipima," alisema Verna. "Siuzi kisichopimwa. Njoo Alhamisi saa tisa mchana."

Delmar alipotoka nikamwambia, "Shemeji, kwani shida iko wapi? Kikishindwa si ndiyo furaha yako? Mji wote utajua kilikuwa chungu, si kuku wako."

"Na kisiposhindwa?"

Nikapanda tena ngazi yangu. Hesabu ilikuwa hivi: chungu kikiwa kibovu, Verna amesafika, lakini atakata waya wa kumbukumbu ya marehemu mbele ya mume wake. Kikiwa kizima, Annika anapata nyama ya bibi yake, na Verna ndiye aliyewalaza watu kumi na wanne. Na aliyeshika kipimajoto ni yeye mwenyewe.

Alhamisi saa moja asubuhi nilikuwa pale. Sikuitwa. Alipitisha waya kwenye vidole: mzima. Plagi: safi. Akaugonga udongo, ukalia kama kengele ya ng'ombe. Akatafuta ufa kwa tochi, ndani, nje, chini, akaugeuza mara tatu. Hakuna. Nikaona anatafuta kwa bidii kuliko ilivyo desturi yake, nikamwambia.

"Nyamaza," alisema.

Akatia maji, akafunika, akachomeka, akageuza kitufe hadi moto mdogo. Saa moja na dakika kumi.

Wapwa zangu, mimi nimewahi kungoja ng'ombe azae usiku wa theluji, nimewahi kumngoja mke wangu avae, lakini sijawahi kuona kungoja kama kule. Saa mbili alikuwa amekunja taulo zote za dukani. Saa tatu alizikunjua akazikunja tena kwa rangi. Akaosha vikombe safi. Akapanga vitabu vya mitumba kwa urefu. Kila akipita mezani anaangalia kifuniko, mvuke umeanza kukifanya cheupe, huoni ndani.

Saa nne akaingia Delmar. "Nilikuwa napita," alisema. Anakaa maili sita nje ya mji, na njia haipiti hapa. Akatazama chungu. "Kinaendeleaje?"

"Kinakaa," alisema Verna.

"Vizuri." Akasimama. Akaipima meza kwa kiganja kama anataka kuinunua. Akaondoka.

Nikasema, "Ngoja nikiguse kidogo, niwape jibu sasa hivi, tukale." Nikakiwekea kiganja ubavuni. "Kizima! Hiki kizima, naapa kwa..."

"Kiganja chako hakijawahi kumtapisha mtu," alisema, "kwa hiyo hakijui kitu."

Nikanyoosha kidole kwenye kifuniko, nichungulie tu, kwa upande. Taulo ikanipiga kwenye kifundo, taulo mbichi, inauma mpaka sasa.

"Ukifunua joto linatoka, tunaanza upya! Masaa manane mengine, na wewe utakaa hapa unasoma Zaburi kwa sauti!"

Saa sita Delmar akarudi. Sasa alikuwa na kisingizio: bisibisi, kama tunaihitaji. Hatukuihitaji. Akatoa mfukoni kadi ya mapishi, mwandiko wa Ione, doa la nyanya kwenye kona. "Imeandikwa hapa 'sukari kiasi'," alisema. "Kiasi gani, Verna? Miaka hamsini nimekula, sijui ni kiasi gani."

"Vijiko viwili. Vya mezani."

"Viwili." Akaandika kwa kalamu ya risasi, kwa uangalifu, pembeni ya mwandiko wa mke wake. "Unadhani kitapita?"

"Sijui, Delmar."

"Kisipopita, wewe niambie tu. Sitakasirika." Akairudisha kadi mfukoni.

Alipoondoka Verna alizunguka chumba kile mpaka nikahisi kizunguzungu mimi niliyekaa. Saa saba na nusu nikaenda jikoni kuchemsha kahawa nyingine. Nikiwa narudi na vikombe, mlango ulikuwa wazi kiasi cha mkono, nikamwona. Amesimama mbele ya chungu. Mkono uko juu ya kifuniko. Vidole vimeshika kile kishikio cheusi.

Hakuniona. Mimi huyu, ambaye mdomo wangu haujawahi kukosa kazi, sikutoa sauti. Niliona anavyopumua. Ni kuinua tu. Dakika mbili, joto linashuka, saa tisa kipimajoto kinasema mia na sabini, mkasi, msumari, mkia wa arobaini na nne. Miaka tisa ya kabichi imekwisha. Na hakuna binadamu atakayejua.

Akakiachia. Akarudi nyuma hatua tatu, akaweka mikono yote miwili kwapani, kama mtu mwenye baridi.

"Ingia," alisema bila kugeuka. "Kahawa inapoa huko mlangoni."

Nikaingia. Nikampa kikombe. Tukakaa, yaani mimi nilikaa.

"Kingeshindwa," alisema baadaye.

"Ndiyo."

"Kwa urahisi kabisa."

"Shemeji, kunywa kahawa."

Saa tisa kasoro dakika kumi Delmar alikuwa mlangoni, amevaa shati la kanisani. Sijui kwa nini mtu avae shati la kanisani kwenda kusikia habari za sufuria, lakini nilielewa. Saa tisa na dakika kumi Verna akafunua, akatumbukiza kipimajoto, na sisi watatu tukainama juu ya mvuke ule kama watu wanaochungulia kisimani.

Mia na sitini. Mia na themanini. Mia na themanini na nane. Mia na tisini na moja, ikasimama.

Verna akakitoa, akakipangusa, akakiingiza tena. Mia na tisini na moja.

"Kizima," alisema. "Ni kizima kabisa, Delmar. Chukua." Na hapo, wapwa zangu, akaweka kipimajoto mezani, taratibu, kama mtu anayerudisha beji ya kazi. "Basi nilikuwa mimi."

"Ulikuwa wewe nini?" aliuliza Delmar.

"Kile chakula cha vuli. Kuku wangu alikuwa ndani ya chungu hiki. Miaka tisa nimekisingizia, na mke wako nimemfikiria vibaya ndani ya moyo wangu, na nilijua. Nilijua tangu mwanzo nilichofanya." Akanigeukia mimi. "Nilisoma karatasi yako ukutani. Umeme kwa huruma. Nikafikiri, wenzangu wana nyama nzito, mimi kuku ni mwepesi. Nikageuza kitufe nikakishusha hadi moto wa kupashia tu, saa tatu asubuhi, bila kumwambia mtu. Ili zao zipate kuiva."

Nikashusha kikombe changu mezani.

Delmar alikuwa anazungusha kofia yake. Aliizungusha mara mbili nzima.

"Ione alishusha cha kwake pia," alisema.

Verna akamtazama.

"Maharage yake. Aliniambia wiki ile ile, kitandani, analia. Alisoma ile karatasi akashusha, ili vya wengine viive. Alikuwa na hakika ni maharage yake yaliyoumiza watu, na kwamba wewe ndiye unayelaumiwa. Nikamwambia nenda kamwambie Verna. Akasema, 'Nitaanzaje?' Kila asubuhi ulipokuja kuazima sukari alidhani umekuja kumpa nafasi ya kukiri. Ukiondoka analia tena."

Verna aligeukia rafu. Akachukua taulo iliyokunjwa, akaikunjua.

"Miaka tisa," alisema. "Mashamba matatu tu kutoka kwangu."

"Ndiyo."

"Na sukari yote ile nilitupa wapi mimi!" alisema, na sauti yake ikavunjika katikati, nusu kicheko. Delmar akaenda akasimama karibu naye, bega kwa bega, bila kumgusa, ndivyo tunavyokumbatiana huku.

Kisha wote wawili wakanigeukia mimi kwa pamoja.

"Karatasi moja," alisema Verna. "Fundi wa kusomea angebomoa ukuta, sivyo?"

"Shemeji..."

"Vilikuwa vyungu kumi na viwili. Kesho utakwenda nyumba kwa nyumba."

Nikaenda. Ijumaa nzima. Ukimtoa Verna, wanane kati ya wale wanawake kumi na wawili wenye vyungu bado wako hai na hawajahamia kwa watoto wao mjini, na nilikaa mezani kwa kila mmoja, nikakataa kahawa mara mbili, nikaipokea ya tatu, nikaungama habari ya karatasi. Na kila mmoja, wapwa zangu, kila mmoja, alishusha kikombe, akatazama dirishani, akasema kwa sauti ndogo: "Mimi nilishusha changu. Kidogo tu. Kwa ajili ya wengine." Bi Solveig, ambaye ana miaka tisini na hasikii vizuri, alisema alikizima kabisa. Kumi na viwili pale ukutani, na sidhani kulikuwa na hata kimoja kilichokuwa kinapika. Fyuzi haikukatika kwa sababu haikuwa na kazi. Nilirudi nyumbani tumbo limejaa kahawa na sifa zangu za miaka tisa zimemwagika njiani.

Jumamosi nilikuwa kwenye banda la Delmar saa kumi na mbili asubuhi. Nilivuta nyaya nne kutoka nyumbani, kila chungu na soketi yake, na hiyo kazi, niseme kwa unyenyekevu, hakuna mwingine ambaye angeifanya. Verna alipita na kipimajoto mara tatu, akinifuata nyuma kama polisi. Chungu cha uyoga kilikuwa katikati, nyama ya Delmar imejaa hadi ukingoni. Alitia chumvi kwa mkono wa mkulima. Watu walikula wakasema, "Ni tofauti, Delmar," na hakuna sentensi mbaya kuliko hiyo katika nchi yetu yote. Annika, na joho lake la bluu, alikula mikate mitatu yenye nyama ile, macho yamejaa maji, akamwambia babu yake ni kama ya bibi. Alisema uongo kwa ujasiri. Huyo ni mjukuu wa Ione kweli.

Na pembeni kabisa, mwisho wa meza, kulikuwa na chungu cheupe ambacho hakuna aliyekitaja. Kuku wa tambi. Verna alikiweka pale kama mtu anayeacha barua mlangoni, akaenda kusimama kwenye beseni la barafu, akipanga chupa za soda ambazo zilikuwa zimepangika.

Mimi nilikuwa nachungulia. Bi Solveig alifika wa kwanza, na mkongojo wake, akachukua kijiko kikubwa cha kupakulia, si kidogo. Akachota. Akachota tena. Nyuma yake wale wengine saba, mmoja mmoja, bila neno, wakipakua kama watu wanaolipa deni. Kisha waume zao, ambao hawakujua lolote, ila waliona foleni. Kisha vijana, ambao huweza kula hata meza.

Saa tisa nikamwita. "Shemeji, njoo utazame."

"Nini tena? Kimezima?"

"Njoo tu."

Akaja, kipimajoto mkononi. Ndani ya chungu cheupe, chini kabisa, kulikuwa kumebaki kijiko kimoja cha tambi. Mtu alikuwa amekigawa nusu, akachukua nusu. Mwingine amekuja akagawa ile nusu. Sasa zilibaki tambi tatu na kipande cha karoti, zimepangwa vizuri upande mmoja, maana huku kwetu hakuna atakayemaliza chakula kizuri. Lazima umwachie mwenzio.

Verna alizitazama tambi zile tatu kwa muda mrefu. Kisha akavuta kiti cha kukunja, akakikunjua, akakaa.

Niliangalia saa. Dakika nne nzima. Halafu akainuka kwenda kuosha vyombo.